Kiatu cha Ukutani na Kiatu cha Mwambani

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kupanda miamba, pamoja na wazazi na walimu wao, Tanga

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, walimu na vijana: wanaostahili shikamoo nawaamkia shikamooni, na wenzangu nawatakia jioni njema. Nimeombwa kuzungumzia viatu, na ombi hilo nimelipokea kwa furaha, kwa sababu katika mchezo wa kupanda miamba sikijui kifaa kinachonunuliwa kwa fedha nyingi na kwa tafakari ndogo kuliko kiatu. Kamba, mshipi wa kiunoni na kofia ngumu vina viwango vyake vya usalama, na anayenunua vyenye alama ya viwango anajua amepata nini. Kiatu hakina kiwango cha namna hiyo. Kinachomfaa mmoja humuumiza mwingine, na kinachopanda vizuri kwenye ukuta wa mazoezi kinaweza kumwangusha mtu yuleyule atakapokipeleka kwenye mwamba wa Usambara.

Nautanguliza msimamo wangu ili wenye kupinga wapate muda wa kujiandaa. Kijana wa Tanga mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, jozi hiyo na iwe ya mwambani, yaani yenye soli ngumu kiasi na umbo lililonyooka, hata kama kwa miezi ya mwanzo atakuwa akipanda ukuta wa mbao peke yake. Jozi laini iliyopinda, ile mnayoiona kwenye miguu ya washindani wa kimataifa, ingoje zamu yake. Najua kwamba maduka mengi ya nchi za nje humshauri mnunuzi kinyume cha hivi, kwa kuwa huko wapandaji wengi hupanda ndani ya kumbi mwaka mzima. Sisi hatuko huko. Milima iko karibu na sisi kuliko kumbi, na viatu hatuvipati dukani mtaani bali huagizwa kutoka mbali, kwa hiyo anayekosea jozi ya kwanza hukaa muda mrefu kabla ya kupata ya pili.

Kwanza tukifahamu kiatu chenyewe. Chini kabisa kuna soli ya nje ya mpira, ambayo kwa kawaida huwa na unene wa milimita 3.5 hadi 5, nayo haina meno wala mistari, kwa kuwa mpira ulio sawasawa hugusana na jiwe kwa eneo kubwa zaidi. Juu yake, mahali ambapo jicho halifiki, kuna kibao chembamba kiitwacho soli ya kati, na hicho ndicho kinachoamua kama kiatu kitasimama imara au kitajikunja. Ili kukijua, shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje katikati na kwenye vidole. Pembeni, mshipi wa mpira huzunguka kiatu chote na kuvuta kutoka kisiginoni ili kuvisukuma vidole mbele, vikutane pamoja kwenye ncha. Sehemu ya juu huwa ya ngozi au ya kitambaa cha kiwandani. Mwisho kuna umbo: viko viatu ambavyo nyayo zake zimenyooka, viko vilivyoinama kidogo, na viko vilivyopinda sana kwenda chini na kwa upande wa kidole gumba, hata mvaaji hawezi kutembea navyo hatua kumi bila kukunja uso.

Tofauti hizi zina historia, na sehemu yake moja ni ya huzuni. Mwaka 1935 wapanda milima sita wa Italia walikufa kwenye Punta Rasica, katika milima ya Alpi. Walikuwa wameacha viatu vyao vizito chini na kuvaa viatu vyepesi vya kupandia, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Dhoruba ilipowakuta juu, viatu vile havikuwa na kinga dhidi ya theluji na baridi. Vitale Bramani, aliyekuwa katika msafara huo na akanusurika, alitafuta soli moja itakayoshika mwamba na kuhimili theluji, na mwaka 1937 akaitoa soli ya mpira yenye meno iliyoanzisha kampuni ya Vibram, jina lililounganishwa kutokana na majina yake mawili. Katika miaka hiyohiyo Mfaransa Pierre Allain, aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye majabali ya Fontainebleau karibu na Paris, alikuwa akielekea upande mwingine kabisa: kiatu chepesi, cha kubana, chenye soli ya mpira isiyo na meno hata moja, kisichofaa kitu kingine isipokuwa kupanda mwamba mkavu. Viatu tunavyovaa leo vimetokana na njia hiyo ya pili. Mpira wenyewe ulipata mshiko mkubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Boreal ya Hispania ilipotoa kiatu cha Firé, na mwaka 1985 Mmarekani Charles Cole akaanzisha Five Ten na mpira wake wa Stealth. Nimeyataja haya kwa sababu tangu hapo mwanzo swali limekuwa lilelile: kiatu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kukanyaga wapi, na kwa muda gani?

Sasa tutazame ukuta. Vishikio vya ukutani ni vya plastiki ngumu, na vile vya kukanyagia vimechongwa ili vionekane na kukanyagika. Juu ya ukuta hufungwa pia maboksi makubwa ya mbao au ya faibaglasi, yenye pande zilizolala, ambako mguu haupati ukingo wowote wa kusimamia na hushika kwa msuguano tu. Ukuta wenyewe mara nyingi umebenuka kumwelekea mpandaji, hivyo mguu haukanyagi tu bali huvuta: vidole hukwaruza kishikio na kukivuta kuelekea mahali mwili unaponing'inia, kisigino hunaswa juu ya ukingo, na mgongo wa vidole hunaswa nyuma ya boksi. Kwa kazi kama hizo kiatu laini kina faida ya wazi. Hujikunja kikafuata umbo la boksi, humpa mpandaji hisia ya kile anachokanyaga, na mpira uliowekwa juu ya vidole humsaidia kunasa. Drago ya Scarpa ni mfano mzuri wa kiatu cha aina hiyo, chenye soli ya Vibram XS Grip 2 ya milimita 3.5, kilaini hata unaweza kukikunja kwa mkono mmoja. Tangu mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, watengenezaji wameongeza bidii katika viatu vya namna hii, maana njia za mashindano zimejaa kuruka na kukimbia juu ya maboksi.

Lakini ukuta una tabia mbili ambazo muuzaji hazitaji. Ya kwanza ni kwamba mbao za ukuta mara nyingi hupakwa rangi iliyochanganywa na mchanga ili miguu ipate kushika, na mchanga huo hula mpira kila mguu unapoburuzwa. Mpira laini wa milimita 3.5 huisha upesi, hasa kwa anayeanza, ambaye bado hajajifunza kuweka mguu mara moja na kuuacha palepale. Ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi, ni kwamba ukuta humsamehe aliyevaa kiatu kisicho chake. Kikanyagio cha plastiki cha upana wa vidole viwili kitapandwa kwa kiatu kigumu, kwa kiatu laini, hata kwa raba za kawaida. Mwanafunzi akiwa na kiatu cha mwambani ukutani, atakosa hisia kidogo kwenye maboksi na kisigino chake hakitanasa sana. Hasara hiyo inavumilika. Akiwa na kiatu laini mwambani, hasara yake ni kubwa kuliko hivyo.

Miamba ya Usambara ni ya aina ya naisi, mawe ya kale yaliyopikwa upya na joto na mgandamizo chini ya ardhi, yenye mistari na fuwele ngumu zilizotokeza kwenye uso wake. Mguu ukifika hapo haupati kishikio chenye rangi kinachouambia ukanyage hapa. Hupata ukingo wa upana wa kipande cha biskuti, au fuwele moja tu, na mpandaji hulazimika kusimama juu yake kwa ncha ya kidole gumba huku akitafuta pa kushika au pa kufungia kamba, pengine kwa dakika nzima au zaidi. Kiatu kigumu hubeba uzito huo, kwa sababu soli ya kati hairuhusu ncha ijikunje. Kiatu laini huachia kazi yote misuli ya nyayo na ya shavu la mguu. Mguu ukichoka huanza kutetemeka, na soli huteleza kutoka kwenye fuwele. Aliyezoea mwamba kwa miaka mingi ana nguvu ya vidole vya miguu ya kufidia udhaifu huo. Anayeanza hana.

Mpandaji wa Kimarekani Alex Honnold alipoupanda ukuta wa El Capitan wa Yosemite, Marekani, wenye kimo cha karibu mita 900, bila kamba, tarehe 3 Juni 2017, alivaa TC Pro ya La Sportiva: kiatu kigumu, kilichonyooka, cha kufunga kwa kamba, kinachofunika kifundo cha mguu, chenye soli ya Vibram XS Edge ya milimita 4. Simtaji ili mtu amwige kupanda bila kamba, na mzazi aliyeko hapa asitoke na hofu hiyo. Namtaja kwa sababu mtu ambaye maisha yake yalitegemea nyayo zake hakuchagua kiatu kilichopinda kuliko vyote vilivyokuwepo. Alichagua kiatu kinachosimama.

Nyufa nazo zina hukumu yake. Ukivuka Horohoro ukaenda mpaka Hell's Gate, karibu na Naivasha, utakuta kuta za lava iliyoganda zenye nyufa ndefu, ambako mguu huingizwa ubavu ndani ya ufa kisha ukazungushwa mpaka ukakaza. Vidole vilivyokunjwa ndani ya kiatu kilichopinda vitaumia vibaya hapo, na mikanda ya kubandika inayofunga kiatu itakwaruzwa mpaka ifunguke. Kwenye nyufa, vidole vilale sawasawa na kiatu kifungwe kwa kamba. Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batiani kina mita 5,199 na hakifikiwi ila kwa kupanda mwamba, unataka kiatu hichohicho, tena kiwe na nafasi ya kuingiza soksi.

Mawe ya chokaa ni jambo tofauti, kwa kuwa huko nchi za nje yana vitundu vya kuingiza ncha ya kidole na kuta zilizobenuka, na hapo kiatu kilichopinda kina haki yake kamili, mradi soli yake isiwe laini kupita kiasi. Mtaniuliza habari za Amboni, ambayo ni mawe ya chokaa na iko jirani yetu. Amboni ni mapango ya hifadhi na ya wageni kutembelea, na watu hufika pale kwa ibada na matambiko, hapapandwi. Kuhusu mawe ya matumbawe yaliyo ufukweni, naomba vijana mniamini bila kujaribu: kingo zake hukata mpira na ngozi ya mkono kwa pamoja, na jiwe lenyewe humeguka.

Nakuja kwenye jambo ambalo wageni wanaotuandikia ushauri hawalifikirii, nalo ni joto letu. Mpira wa viatu hivi hulainika unapopata joto. Kwenye baridi ya Ulaya mpira laini hushika vizuri kwa sababu baridi yenyewe huukaza. Juani kwenye mwamba wetu, ambao uso wake hupata joto kuliko hewa iliyouzunguka, mpira uleule hulegea na kubingirika kutoka kwenye ukingo mdogo. Kwa hiyo kiatu kilichoandikwa kuwa ni cha ugumu wa wastani, kikifika hapa saa sita mchana, hufanya kazi kama kiatu laini, na kile kilichoandikwa laini hakisimami kabisa. Ongeza jasho: kwenye unyevu wa pwani mguu huloa ndani ya kiatu kisicho na bitana, na mguu ulioloa huteleza ndani kabla soli haijateleza nje. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nipendelee mpira mgumu kwa matumizi ya nje katika mkoa huu. Pia ndiyo sababu ya kuwaomba mpande alfajiri au upande wa kivuli, na mchague miezi ya Juni hadi Agosti mkienda Lushoto, wakati mwamba umepoa na kiatu kinaweza kuonyesha uwezo wake. Kiatu kisiachwe ndani ya gari lililofungwa wala kuanikwa juani baada ya mazoezi. Gundi huachia, mshipi wa mpira hulegea, na umbo ulilolilipia hupotea. Kianikwe kivulini, mahali penye upepo, kikiwa wazi.

Kuhusu kipimo, nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Imeenea dhana kwamba kiatu cha kupandia lazima kiumize, na kwamba anayevaa namba ndogo zaidi ndiye mpandaji hodari zaidi. Si kweli. Kiatu cha mwambani kinatakiwa kikae bila pengo lolote, vidole viguse mbele na vikunjike kidogo sana, kisigino kijae, na mvaaji aweze kukaa nacho nusu saa bila kutamani kukivua. Kiatu cha ukutani kinaweza kubana zaidi, kwa sababu njia za ukutani ni fupi na mtu hukivua kila anaposhuka. Ndiyo maana mikanda ya kubandika inafaa ndani na kamba zinafaa nje. Ngozi isiyo na bitana hutanuka, wakati mwingine karibu namba nzima, na ngozi yenye bitana hutanuka kidogo, ilhali kitambaa cha kiwandani hubaki karibu kilivyo. Anayenunua ngozi akizingatia jinsi inavyokaa siku ya kwanza atakuta baada ya muda kiatu kinampwaya, na anayenunua kitambaa kwa matumaini kwamba kitatanuka atateseka bure.

Wengi wetu tulikua tukitembea pekupeku au na ndala, na mguu wa namna hiyo hupanuka mbele, vidole vikiwa vimeachana. Viatu vingi hutengenezwa kwa mguu mwembamba wa mbele. Basi anayeagiza kutoka nje asitume namba ya kiatu cha shule pekee. Asimame juu ya karatasi jioni, wakati mguu umevimba kwa kutembea, achore miguu yote miwili, apime urefu na upana kwa milimita, atumie mguu mkubwa kuwa kipimo, na aulize umbo la kiatu kabla ya kuuliza rangi. Namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. 41 ya huyu ni 42 ya yule. Anayepata jozi ya mtumba, ambayo mimi siidharau hata kidogo, atazame ncha ya kidole gumba: ikiwa soli imeisha na mshipi wa mpira umeanza kutoboka, bei ya kiatu hicho ihesabiwe pamoja na gharama ya matengenezo.

Wazazi, nina ombi moja kwenu, nalo nalisema kwa uzito. Mtoto ambaye mifupa ya miguu yake bado inakua asivalishwe kiatu kilichopinda wala kilichopunguzwa namba, hata kocha akisema kitamfanya ashinde. Kidole gumba kikisukumwa kwa upande kwa miaka, kiungo chake hupinda na kubaki hivyo ukubwani. Mtoto apate kiatu kilichonyooka, chenye nafasi, kibadilishwe mguu ukikua, na kile kilichomtoka apewe mdogo wake.

Kuhusu matengenezo nitakuwa mfupi. Soli hubadilishwa, na kiatu kizuri hukubali kubadilishwa soli zaidi ya mara moja, mradi kipelekwe kwa fundi kabla mshipi wa pembeni haujatoboka. Mafundi viatu wetu wana mikono mizuri, nami naamini kazi hii wanaiweza. Kinachokosekana ni mpira. Mpira wa tairi, ule wa katambuga, umeundwa ili udumu barabarani, haushiki kwenye fuwele, na atakayebandikwa soli hiyo atakuwa amevaa katambuga kwenye mwamba. Mpira wa kupandia huuzwa kwa vipande, na watu kumi wakichangiana kuagiza kipande kimoja pamoja na gundi yake, fundi mmoja hapa mjini anaweza kuwahudumia wote. Namwomba mwenyekiti alipeleke jambo hilo kwenye kikao kijacho, kwa sababu litawafaa zaidi kuliko jozi mpya moja.

Kwa wale watakaopata jozi ya pili, hapo ndipo laini iingie. Ya kwanza itakuwa imeonyesha inapochakaa, na jinsi ilivyochakaa itawaelekeza: aliyemaliza mpira kwenye ncha tu anasimama vizuri na anaweza kuhamia kwenye kiatu chenye hisia zaidi, aliyemaliza pembeni na chini ya vidole vyote bado anaburuza mguu, naye abaki na kiatu kigumu mpaka mguu wake utulie.

Mezani pale nimeweka jozi za aina tatu, moja iliyonyooka, moja iliyoinama kidogo na moja iliyopinda, nazo ni za kujaribiwa bila soksi. Tumetembea kutwa na miguu imevimba, kwa hiyo saa hii ni nzuri ya kupima. Karatasi na penseli ziko kando yake, na walimu watasaidia kupima upana. Tuanze na wale wadogo, maana wao ndio watakaorudi nyumbani mapema.